Maswali yenu ya vyuma vya meno: mfupa haukimbizwi

Shikamoo daktari. Vyuma vya meno huvaliwa muda gani? Shoga yangu kaahidiwa miezi 6. (Msomaji, Mbagala)

Marahaba. Meno yaliyobanana kiasi, weka akilini mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Yakiwa yamepandana vibaya, au taya la juu na la chini hayakutani, muda unazidi hapo. Miezi 6 inatosha kwa meno machache ya mbele yaliyopinda kidogo, basi.

Jino limekaa ndani ya mfupa. Waya ukilisukuma, upande unaobanwa mfupa unaliwa taratibu, na upande linakotoka unajengwa mfupa mpya. Ni mwili wako unaofanya kazi hiyo, kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa mwezi. Nguvu ikizidi, mzizi wa jino nao huanza kuliwa, na mzizi uliofupika haurefuki tena. Anayekuahidi haraka, muulize kama amekupiga hata eksirei.

Vinauma? (Wengi)

Ndiyo. Maumivu huanza saa chache baada ya kufungwa au kukazwa, huzidi kesho yake, na ndani ya wiki yamekwisha. Meza Panadol, kunywa uji, kula mtori. Waya ukichoma shavu, pachika nta uliyopewa kliniki. Usiukate kwa mkasi wa kucha.

Nina mwanya na sitaki vyuma. Nimeona video dada anafunga meno mawili ya mbele kwa kimpira cha rasta, usiku tu. Nijaribu? (Msichana wa miaka 19, Morogoro)

Usijaribu, na kama umeshakifunga, njoo hospitali ukiwa nacho.

Jino ni pana kwenye kichwa na jembamba kwenye mzizi. Kimpira ukikivalisha hapo mbele, hakikai. Kinateleza kuelekea kwenye wembamba, yaani chini ya ufizi. Asubuhi hukioni, unadhani kimeanguka kitandani. Kumbe kinapanda kwenye mzizi, kinakata nyuzi zinazolishikilia jino mfupani. Ufizi unavimba, unatoa usaha, jino linalegea na kurefuka. Kwenye eksirei ya kawaida kimpira hakionekani, kwa hiyo usipomwambia daktari ulichofanya atahangaika kutafuta sababu. Wapo watu waliopoteza meno mawili ya mbele, mazima, bila tundu hata moja, kwa kimpira cha shilingi chache.

Na tuulizane: kwa nini unauziba? Mwanya si ugonjwa. Pwani na bara watu wamesifiwa kwa mwanya vizazi na vizazi. Ukiupenda, ubaki nao. Unaopaswa kukutisha ni ule unaojitokeza ukubwani mahali ambapo haukuwepo. Huo mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa fizi, na fizi hutibiwa kwanza kabla ya waya wowote.

Saluni ya mtaani wanabandika vyuma vya urembo kwa siku chache. Vina madhara? (Msomaji, Tandika)

Vina madhara, na havina faida hata moja. Gundi isiyojulikana inachubua jino, waya ukichomoka unaumeza, na kama unavuta, unavuta ovyo. Kabla hujafungua mdomo, uliza usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Asiyekuwa nao asikuguse meno.

Trei za plastiki angavu zinashinda vyuma? Naweza kujipima nyumbani nikaagiza nje? (Mfanyakazi wa benki, Dar es Salaam)

Zinafaa kwa kesi nyingi, ila kwa mtu mwenye nidhamu tu. Trei huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku na hubadilishwa kila wiki moja au mbili. Unaivua kula, na unaivua kunywa chochote kisicho maji ya kawaida. Sasa hesabu chai ya saa nne, soda ya mchana, karanga za kwenye foleni: kila mara vua, piga mswaki, rudisha. Ukinywa chai nayo mdomoni, joto linaikunja na sukari inalala kwenye meno mpaka jioni. Wengine wanaifunga kwenye tishu hotelini, mhudumu anaitupa. Kwa kijana asiyekumbuka hata kitambulisho chake, mimi nashauri vyuma, kwa sababu havivuliki.

Kujipima nyumbani, hapana. Kipimo cha meno hakionyeshi mfupa wala fizi. Kampuni ya SmileDirectClub ya Marekani, iliyouza trei kwa njia hiyo, ilifungwa Desemba 2023 na wateja wakaachwa katikati ya matibabu. Anayesogeza meno yako awe mtu unayeweza kumfuata ofisini kwake.

Mwanangu ana miaka 9, chonge la juu halijaota. Alipokuwa mchanga bibi yake alimpeleka kung'olewa "meno ya plastiki". Avalishwe vyuma? (Mama, Dodoma)

Kwa umri, usiogope bado: chonge la juu la kudumu huota kwenye miaka 11 au 12. Kilichonishtua ni hilo la pili.

Mama, hakuna meno ya plastiki. Kinachochokolewa ufizini mwa mtoto mwenye homa na kuharisha ni jino la utotoni ambalo halijakomaa, ndiyo maana ni jeupe na laini. Chini yake tu kuna kichipukizi cha jino la kudumu. Anayechokoa kwa msumari au spoki hakioni. Anaweza kukijeruhi, jino likaja na kasoro, likaota pembeni, au lisije kabisa. Watoto wengine wamepata maambukizi mabaya ya damu, huku kilichowaletea homa kikiachwa bila tiba. Mpeleke akapigwe eksirei sasa, kabla ya kufikiria vyuma. Na mdogo wake akiumwa, nenda zahanati. Mwambie bibi kwa heshima, lakini mwambie.

Nimekulia Arumeru, meno yangu ni ya kahawia. Vyuma vitashika? (Kijana, Arusha)

Vitashika, ingawa breketi (vile vipande vidogo vinavyogundishwa kwenye jino kushika waya) huweza kubanduka mara nyingi zaidi kwenye jino lililoathiriwa na floraidi, madini ya kwenye maji yanayotia meno ukahawia. Rangi ni matibabu mengine; waya hauitoi.

Naweza kula mahindi ya kuchoma? (Msomaji, Tanga)

Pukuchua. Muwa, kashata, ubuyu na kutafuna mifupa, acha mpaka vitolewe.

Nilivuliwa vyuma mwaka jana, meno ya chini yameanza kupinda tena. Daktari alinidanganya? (Wasomaji kadhaa, tena na tena)

Hapana. Mmeacha kuvaa ritena, kile kifaa cha kuyashikilia meno baada ya vyuma kutolewa, na nimeshaandika hili hapa hadi nimechoka. Jino lililosogezwa bado linavutwa na nyuzi za ufizi kurudi lilikotoka. Ndiyo sababu ritena huvaliwa kama daktari alivyopanga mwanzoni, kisha kila usiku, kwa miaka yote unayotaka meno yabaki yalivyonyooka. Gharama yake uiulize siku ya kwanza. Wanaoificha hadi mwisho wanawakosea wagonjwa.

Jaribu ritena yako leo. Ikiingia kwa kubana kidogo, anza kuivaa usiku na mchana na umpigie daktari wako. Isipoingia, usiilazimishe wala usiichovye kwenye maji ya moto ilainike. Iweke kwenye kikopo chake, nenda nayo kliniki wiki hii.