Ubingwa wa kaunti 2016: mi shabiki wa Somerset na nasema ulikuwa halali kabisa

Mkuu umeuliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza, mtu anapataje hamu ya kufuatilia mechi ya kriketi ya siku nne ambayo inaweza kuisha sare, yaani muda unaisha kabla mshindi hajapatikana. La pili, ubingwa wa kaunti za Uingereza 2016 si ulipangwa mezani, maana umesikia makapteni walikaa wakakubaliana mechi iendeje. Naanza na hilo la pili kwa sababu likieleweka la kwanza linajijibu. Mi naishi Bristol, timu yangu ni Somerset, kwaiyo niko upande wa walioumizwa na yale makubaliano, na bado nasema walikuwa na haki yote ya kufanya vile.

Kwanza ujue pointi zinavyotembea manake bila hapo huwezi kuelewa kitu. Msimu ule kila timu ya daraja la kwanza ilicheza mechi 16, kuanzia Aprili baridi mpaka Septemba. Ukishinda unapata pointi 16, sare 5, na juu yake kuna pointi za bonasi ambazo unazikusanya ndani ya ova 110 (ova moja ni mipira sita) za zamu ya kwanza ya kupiga ya kila timu, maana kila timu ina zamu mbili. Kwenye kupiga unapata moja ukifika rani (yaani alama) 200, nyingine 250, 300, 350 na 400, kwenye kurusha unapata ukiangusha wiketi 3, 6 na 9, yaani ukitoa wapigaji idadi hiyo kati ya kumi. Sasa hizo bonasi watu wanazidharau lakini ndo zinafanya mechi ya mwezi wa tano kwenye mvua iwe na maana, kwa sababu hata kama unaona kabisa hii inaenda sare bado mnagombania rani kumi za mwisho kabla ova 110 hazijaisha.

Raundi ya mwisho ilivofika timu tatu bado zilikuwa na nafasi: Middlesex, Yorkshire na sisi. Ratiba ikaamua Middlesex na Yorkshire wakutane wao kwa wao Lord's, uwanja wa London, na sisi tuko nyumbani Taunton na Nottinghamshire ambao walikuwa wanashuka daraja. Sisi tukamaliza kazi ndani ya siku tatu tu, tukashinda kwa rani 325, Chris Rogers kapteni wetu akafikisha rani 100 kwenye zamu zote mbili na ilikuwa ndo mechi yake ya mwisho, tukafikisha pointi 226. Baada ya hapo ni kusubiri siku nzima ya nne. Wachezaji wenyewe walikusanyika pale uwanjani Taunton kuangalia Lord's kwenye TV, na mashabiki hivohivo. Kaunti ya tangu 1875, imechezewa na Viv Richards, Joel Garner na Ian Botham, haijawahi kubeba huu ubingwa hata mara moja. Hata mara moja wakuu! Tulichokuwa tunahitaji ni Lord's iishe sare basi.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Wakitoka sare, Middlesex wanaishia 219 na Yorkshire 216, ubingwa wetu. Middlesex akishinda anafika 230. Yorkshire akishinda anafika 227, yaani anatupita kwa pointi moja. Na hiyo pointi moja ilitoka wapi? Ilitoka kwa Tim Bresnan, ambaye timu yake ilibomoka mapema kwenye zamu ya kwanza akasimama akapiga 142 bila kutolewa, ndo wakavuka 350 ndani ya ova zinazohesabiwa. Bila ile pointi Yorkshire walikuwa hawatupiti. Nakumbuka vizuri nikisikiliza redioni jinsi uwanja ulivyoshangilia kufika 350 kama vile mtu kashinda mechi, na ilikuwa siku ya tatu tu. Asiyejua angeuliza hawa wanashangilia nini.

Siku ya nne ikawa wazi kwamba mechi ikiachwa iende yenyewe inaisha sare. Kwaiyo makapteni, James Franklin wa Middlesex na Andrew Gale wa Yorkshire, wakaongea. Wakakubaliana Yorkshire wapewe kufukuza rani 240 kwenye ova 40, yaani wakizifikia wameshinda. Ili kufika hapo Yorkshire wakawapa mpira Adam Lyth na Alex Lees, ambao kazi yao ni kupiga sio kurusha, wakarusha mipira laini Middlesex wakajikusanyia rani za haraka, afu Middlesex wakafunga zamu yao, yaani wakaacha kupiga kwa hiari. Hapo ndo watu wengi wa Somerset walikasirika na mi nawaelewa, ile nusu saa haikupendeza kuangalia, wapigaji wa kiwango kile wanapewa rani za bure Lord's.

Lakini niambie, walimuibia nani? Hakuna aliyekubali kufungwa. Kila mmoja alikubali kuhatarisha msimu wake wote, maana sare kwao wote wawili ilikuwa ni sawa na kupoteza, kwaiyo wakachagua njia ambayo mmoja lazima apate na mwingine akose. Sheria inaruhusu kapteni kufunga zamu muda anaotaka na kumpa mpira amtakaye. Na angalia kilichofuata baada ya pale: Yorkshire walifukuza kweli, Bresnan tena akafika 55, wiketi zilipoanza kudondoka hawakujificha kutafuta sare kwa sababu haikuwa na faida kwao. Toby Roland-Jones akamaliza kazi kwa hatriki, yaani wiketi tatu kwa mipira yake mitatu mfululizo, iliyokatwa katikati na ova ya mwenzake: Azeem Rafiq, halafu Andrew Hodd, halafu Ryan Sidebottom, stampu (vijiti vya nyuma ya mpigaji) zikaruka. Yorkshire 178 wote nje, Middlesex wameshinda kwa rani 61, ubingwa wao wa kwanza tangu 1993, na msimu mzima hawakufungwa mechi hata moja. Ile siku ya mwisho peke yake waliingia watu zaidi ya 7,000, siku ya kazi, mechi ya kaunti.

Sisi Somerset tulikosa kwa pointi 4. Na kama kuna mtu wa kulaumiwa mi nalaumu sare zetu 9 za msimu ule, hasa zile za mwanzo kabla pichi za Taunton hazijaanza kumsaidia Jack Leach kuzungusha mpira. Pale ndo ubingwa uliondoka, Lord's ilikuja kuthibitisha tu.

Halafu angalia 2019, wengi wanasahau. Raundi ya mwisho, Taunton, sisi na Essex, tunahitaji ushindi wao sare inawatosha, mvua imekula muda karibu wote. Tulipiga 203, Essex walikuwa wanaenda vizuri tu na Alastair Cook yuko ndani, ghafla wakaporomoka 141 wote nje. Muda umebaki kama saa moja. Tulifanya nini? Tukaachia zamu yetu ya pili nzima bila kupiga hata mpira mmoja, tukawapa Essex shabaha ya rani 63 ili tujaribu kuwaangusha wiketi kumi ndani ya dakika zilizobaki. Haikuwezekana, wakafika 45 kwa wiketi 1, ubingwa ukaenda Essex. Yaani na sisi tulicheza kamari ileile ya muda na rani, na hakuna shabiki wa Somerset aliyesema ile ni kupanga matokeo. Tofauti ni moja tu, sisi hatukuwa na mwenzetu wa kukubaliana naye.

Kwaiyo swali lako la kwanza, hamu inatoka hapo. Kwenye mechi ya siku nne muda ni mchezaji. Septemba 2024 Surrey walikuja Taunton wakiwa wanawania ubingwa na sisi, wamepewa shabaha ya rani 221, wako 95 kwa wiketi 3 na wanaweza kukaa tu mpaka jioni. Archie Vaughan, dogo wa miaka 18, na Leach wakawamaliza wote nje 109 zikiwa zimebaki dakika chache. Tom Banton alikuwa kaumia kifundo cha mguu na bado aliingia kupiga akichechemea, rani zake ndo zilituweka kwenye mechi. Mwisho wa siku Surrey ndo walibeba kombe, lakini ile jioni nisingeibadilisha na fainali yoyote ya ova 20.

Kuna jamaa hapo juu kasema hii inatuhusu nini sisi Afrika Mashariki. Inatuhusu sana. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, Collins Obuya aliwatoa Sri Lanka wiketi 5 pale Nairobi na kaunti ya Warwickshire wakamchukua. Leo iko wapi? 2014 wakapoteza hadhi ya kucheza ODI, mechi za kimataifa za siku moja. Sababu ziko nyingi, siasa za chama zipo, lakini mi naamini kubwa ni kwamba nyuma ya kile kizazi hakukuwa na ligi imara ya siku nyingi ya kumfundisha kijana kupiga masaa matano bila kutolewa. Vijana wetu wa Tanzania U19 (chini ya miaka 19) walifuzu Kombe la Dunia la 2026 na nawapongeza kwa moyo wote, ila wakitoka pale wanarudi kwenye mechi za siku moja na za ova 20, naumia nikifikiria.

Kama unataka kuanza, kaunti nyingi zinarusha mechi bure kwenye tovuti zao na YouTube, na redio za mikoa za BBC zinatangaza mpira kwa mpira. Usianze na mechi moja ukaikatia tamaa. Chagua timu moja Aprili, fungua msimamo kila raundi inapoisha, angalia nani kakosa bonasi kwa rani ngapi. Na kama huna timu, Somerset bado tunatafuta ule wa kwanza, karibu.