Meza ya Urembo: Maswali yenu kuhusu paleti za aishedo (rangi za kupaka kwenye kope)

SWALI: Hamjambo dada zangu? Nina paleti tisa za aishedo, lakini kila asubuhi naishia kwa ileile ya kahawia. Nitazitumiaje kwa zamu, na nitajuaje ipi ya kubaki nayo? – Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Hatujambo dada. Zitoe zote mchana, karibu na dirisha. Nyuma ya kila paleti tafuta mchoro mdogo wa kopo lililo wazi: 12M ni miezi 12 tangu ulipoifungua, 24M ni miezi 24. Bandika karatasi na uandike mwezi ulioifungua, maana huo hakuna anayeukumbuka. Aishedo ya poda hudumu kwa kuwa haina maji ya kulea vijidudu. Ya krimu huharibika mapema, kwa hiyo itangulize kwenye zamu. Yenye harufu ya mafuta yaliyochacha au iliyoota ukungu, tupa.

Sasa chagua tatu tu: moja ya rangi tulivu za kazini, moja ya rangi kali, na moja usiyoipenda sana. Hiyo ya tatu usiiruke, kwa sababu mara nyingi paleti huchukiwa kwa siku moja mbaya. Nyingine zifungie mbali kwa wiki 4, zisikushawishi. Kila moja kati ya hizo tatu ipate siku 6 usoni: siku 2 bila praima (krimu ya kutangulia kwenye kope ili rangi ishike), 2 juu ya praima, na 2 ukiichanganya na rangi za paleti nyingine. Inayopendeza juu ya praima pekee, ni vizuri uijue hivyo mapema.

Kwenye daftari usiandike "nzuri" au "mbaya". Andika ni rangi ngapi umezigusa kweli, poda kiasi gani imedondoka chini ya jicho, kama mpaka wa rangi mbili umelainika au umeacha doa, na hali ya kope baada ya saa 6. Hapo kwenye saa 6 ndipo Kisumu inapoingilia. Joto na unyevunyevu wa ziwa huleta jasho na mafuta kwenye kope, poda inaloa na kujikusanya kwenye mkunjo. Kabla ya kuilaumu paleti, punguza praima. Kiasi cha punje moja ya mchele kinatosha kope zote mbili. Iache dakika 1, kisha gusa juu yake poda kidogo sana ya uso. Rangi ikijikusanya hata baada ya hapo, huku nyingine zikitulia, basi kosa ni la paleti.

Wiki 4 zikiisha, hesabu. Kama kati ya rangi 12 umetumia 2 tu, zipake mkononi sambamba na za paleti nyingine. Ukipata zinazofanana nazo, hiyo paleti mpe mdogo wako, baada ya kukwangua tabaka la juu kwa kisu safi. Sisi tunaipa alama paleti kwa rangi zinazotumika, hata iwe ya bei gani. Iliyotumiwa wakati jicho linauma au linatoa usaha haigawiwi mtu. Itupwe.

SWALI: Dukani nilijaribu bluu kwa kidole ikakolea vizuri. Nyumbani kwa brashi inakuwa ya kijivu. Ngozi yangu ni nyeusi. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kidole kina joto na mafuta, hivyo hubandika poda nzito ambayo brashi haiwezi kuibeba. Tena rangi nyingi zisizong'aa huchanganywa na titani dioksaidi, ambayo ni nyeupe, pamoja na unga wa talki. Juu ya ngozi nyeusi weupe huo hujitokeza kama majivu. Siku nyingine jaribu kwa brashi kavu, mpako mmoja, ndani ya mkono usio na losheni, kisha toka nje uangalie juani.

Kwa hiyo uliyonayo, tandika kwanza konsila (krimu nzito ya kuficha madoa) ya rangi ya ngozi yako, isiwe nyepesi zaidi. Pitisha rangi ya tofali kwenye mkunjo, halafu bluu uigongegonge kwa brashi bapa. Ukiisugua utaifuta. Na upepo mkavu wa Nakuru ukichubua kope, paka losheni dakika 10 kabla, ufute iliyobaki.

SWALI: Rangi ninayoipenda imeota ngozi inayong'aa juu, brashi haishiki kitu. – Msomaji, Bungoma

JIBU: Ni mafuta ya vidole au praima. Bandika selotepu juu yake, bonyeza, bandua. Rudia hadi unga laini uonekane.

SWALI: Paleti za rangi nyingi sokoni kwa bei ya chini, ninunue? – Msomaji, Busia

JIBU: Ikiwa haina jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo wala stika ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), iache. Soma pia nyuma: baadhi ya rangi nyekundu na zambarau haziruhusiwi karibu na macho nchini Marekani, na wapo watengenezaji wanaoliandika hilo.

SWALI: Mimi hupamba maharusi. Rangi imevunjika ndani ya matatu. Inaokoka? – Mpambaji, Kakamega

JIBU: Inaokoka, dada. Isage kabisa ndani ya kisahani chake, vibonge vikibaki itapasuka tena. Dondoshea isopropili alkoholi ya asilimia 70 au zaidi, tone kwa tone, hadi iwe na uzito wa uji. Ikizidi, rangi hukauka ngumu na brashi itateleza. Spiriti yenye mafuta ya mbono usitumie, huacha utando. Ngoja dakika chache, funika kwa kitambaa safi, bonyeza kwa sarafu iliyofungwa kwenye tishu. Zenye mng'aro zibonyeze kwa mkono mwepesi. Acha wazi saa 24 kabla ya kumpaka mtu, maana alkoholi iliyobaki huwasha macho. Safarini weka pamba bapa kati ya kioo na rangi, na paleti ilazwe, isisimamishwe.