Malaika mchanga kwa mama aliyejifungua

SWALI: Mwenzangu kazini amejifungua. Nikamwandikia, "👼👼 Hongera mama!" Akajibu, "Una maana gani?" na tangu hapo hanisemeshi vizuri. Nimeangalia orodha ya maana za emoji, inasema hiyo ni usafi na mtoto mchanga. Je, yeye ndiye hajui maana yake rasmi? Na kama nimekosea, nitumie ipi yenye mabawa?

JIBU: Anajua sana. Watu wengi huweka 👼 wanapomtaja mtoto aliyefariki au mimba iliyoharibika. Mama mwenye kichanga cha siku mbili ameanza kusoma ujumbe wako kwa malaika wawili. Hiyo "hongera" ilifika moyo ukiwa umeshamlipuka.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni hilo neno "rasmi". Naletewa kila mara, na kila mara linatoka kwenye orodha kama hiyo yako. Shirika la Unicode, linaloratibu herufi na alama za simu na kompyuta, hutoa namba na jina la kutambulisha. Hiyo ya kwako ni U+1F47C, jina lake malaika mchanga, basi. Mchoro wenyewe kila kampuni inajichorea. Maana huletwa na watumiaji, na jina haliwafungi: mbona tunao kina Tabu na Shida ambao ni watu wa raha tupu? Wanaosambaza "maana 100 za siri za emoji" hukisia, kisha hunakiliana, na kosa la mmoja linageuka ushahidi wa mwingine.

Chukua 💸. Nimekuta orodha zikiiita "utajiri unakuja". Noti zina mabawa, zinaondoka! Wengi huisoma kuwa pesa imeshatumika au imepotea, na wewe umemtumia rafiki aliyepandishwa cheo. 🕊️ nayo ina nyuso mbili. Baada ya "tuyamalize" ni amani. Ukiiweka kando ya jina la mtu bila neno lingine, watu wataanza kuulizana amefariki lini. 🦋 haina makali sana, ni mabadiliko au mapenzi yanayochipua, kwa hiyo usiipeleke kwa mume wa mtu.

Halafu kuna jambo ambalo orodha hizo haziligusi kabisa: simu ya anayepokea. Bawa 🪽 liliingia mwaka 2022, na kwenye simu ya zamani huonekana kiboksi kitupu. Feniksi 🐦‍🔥 wa mwaka 2023, yule ndege wa hekaya anayefufuka kutoka majivuni, ni vituko zaidi. Ameundwa kwa emoji mbili, ndege na moto, zilizounganishwa na alama isiyoonekana. Simu isiyomjua huwatenganisha. Unampongeza mtu aliyeinuka kutoka kitandani, yeye anaona ndege, kisha moto, kana kwamba unatangaza chakula cha jioni.

Ndiyo maana ukiniomba orodha iliyo sahihi, sina. Habari ya uzazi, msiba, ugonjwa au pesa iandike kwa maneno kwanza, na emoji ukiiondoa ujumbe ubaki vilevile. Ukiona bila hiyo picha haueleweki, andika upya.

Kwa mama huyo mabawa hayahitajiki, 👶 au 🎉 zingetosha. Sasa usimwandikie tena. Mpigie, umwombe radhi, umuulize mtoto anaendeleaje, na ile orodha usiitaje.