Kaseti iliyosafiri mfukoni bila kava
Jibu la msomaji, Mbeya

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita mliuliza: albamu gani ya roki au pop ilirekodiwa kwa ustadi kuliko zote, na wewe umejuaje? Nusu ya kwanza kila mtu anaijibu akiwa amesimama. Hiyo ya pili ndiyo iliyonikalisha chini.

Jibu langu ni Nebraska ya Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, ya mwaka 1982. Najua kuna watakaocheka. Albamu ile inavuma, inachakarisha, na kuna mahali mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili na mlango umerudishwa. Nimejuaje? Niliwahi kuhangaika nusu saa nzima kuitengeneza nikidhani ni mbovu.

Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda Mwanjelwa, enzi za soko la zamani kabla halijaungua. Kazi yangu ilikuwa kudabu kaseti na kufufua zile zilizoliwa na redio. Jumamosi moja akaja mwalimu wa kujitolea, Mmarekani, aliyekuwa akifundisha fizikia sekondari moja huko Rungwe. Alishuka kwenye Hiace na mfuko wa nailoni mkononi, ndani yake kaseti, mkanda umetoka nje kama utumbo wa kuku. "Shikamoo Fundi," akasema, ingawa tulikuwa rika moja, "naomba uiokoe."

Kuokoa kaseti kunataka subira. Unafungua skrubu tano ndogo, unautoa mkanda, uliojikunja unaunyoosha taratibu kwa ukucha. Palipokatika unakata mshazari kwa wembe, unaunganisha kwa selotepu upande wa mgongo, si upande unaogusa hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma mkanda. Halafu unarudisha kila kitu na kuzungusha kwa kalamu ya Bic. Nilifanya yote hayo, nikaiweka kwenye deki, nikasikia shshshsh, kama vitumbua vinavyoingia kwenye mafuta. Nikasafisha hedi kwa spiriti. Bado. Nikachukua bisibisi, nikaanza kuigusa ile skrubu ya pembeni inayoiweka hedi sawa na mkanda. Ukiipatia, sauti nyembamba hufunguka ghafla, unasikia hata kucha kwenye nyuzi za gitaa. Kulia kidogo, kushoto kidogo. Haikufunguka kitu.

Mwalimu aliporudi kutoka kunywa chai nikamweleza ukweli: mkanda umepona, ila rekodi yenyewe imekufa. Alicheka mpaka akakaa juu ya kreti la soda. "Ndivyo ilivyo, Fundi. Aliirekodi nyumbani kwake, kwa kaseti."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikaja kujua ni kweli, na kadiri nilivyozidi kujua ndivyo nilivyozidi kuipenda.

Springsteen wakati ule hakuwa mtu wa kukosa studio. Albamu yake iliyotangulia, The River ya 1980, ilishika namba moja Marekani. Tatizo ni kwamba alikuwa anaingia studio kutafuta nyimbo, siku zinakwisha na pesa inakwisha. Akamwomba Mike Batlan, fundi aliyekuwa akimtunzia magitaa, amtafutie mashine ya kurekodia rasimu nyumbani. Batlan akaleta TEAC 144, mashine ya njia nne za sauti, yaani inayorekodi sauti nne kando kando kwenye mkanda mmoja, iliyoanza kuuzwa 1979, inayotumia kaseti ileile ya dukani. Wakaiweka chumbani, katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey: maikrofoni mbili za Shure SM57, kiti, na zulia la manyoya la rangi ya chungwa. Nyimbo zilirekodiwa kati ya Desemba 1981 na Januari 1982. Kwanza sauti na gitaa. Kisha juu yake kinanda cha mdomo, mandolini, sauti ya kuitikia.

Sasa sikilizeni jinsi alivyochanganya. Aliipitisha rekodi hiyo kwenye Echoplex, mashine ya mwangwi ambayo nayo ndani yake kuna mkanda unaozunguka, akaipokea kwenye redio kaseti ya Panasonic. Redio hiyo iliwahi kulowa majini ikafa, halafu siku moja ikawaka yenyewe. Fundi yeyote wa Mwanjelwa atakwambia redio ya namna hiyo hairudi kama ilivyokuwa. Mimi mteja akiniletea ningemwambia auze kioo na spika, basi.

Ile kaseti akaitia mfukoni, bila kava, akatembea nayo. Akaenda New York na bendi yake, E Street Band, ili sasa zile nyimbo zirekodiwe "vizuri". Hazikukubali. Kila walipoongeza ngoma na magitaa, mtu aliyekuwa anasimulia ndani ya wimbo alizidi kupotea. Si kwamba bendi ilikuwa butu: wimbo mwingine uliokuwa kwenye kaseti hiyohiyo, Born in the U.S.A., ulichanua mikononi mwao. Lakini hizi nyingine ziligoma, mpaka ikaamuliwa kwamba kinachotoka ni kile kilichoko mfukoni. Hapo mafundi wa kuchonga santuri wakapata kazi yao, maana sauti iliyorekodiwa hivyo ilisumbua sana kuihamisha kwenye sahani. Albamu ikatoka 30 Septemba 1982. Zile rekodi za bendi nazo zilitolewa mwaka 2025. Mpwa wangu alinisikilizisha kwenye simu. Ni nzuri. Nilimrudishia simu kabla hazijaisha.

Ustadi ninaousifu mimi ni huo wa kuondoa mkono, wa kujua wakati wa kuacha kuongeza. Najua ugumu wake kwa sababu uliwahi kunishinda.

Mwaka 1997 kwaya moja ya Uyole iliachiwa mashine ya njia nne na mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Hakuna aliyejua kuitumia, wakaniita mimi, eti ni fundi wa kaseti. Ngoja nieleze inavyofanya kazi, maana ndipo kisa kilipo. Kaseti ya kawaida ina njia nne nyembamba: mbili za upande A zinakwenda huku, mbili za upande B zinarudi kule. Mashine ile huzitumia zote nne kwa mkupuo mmoja, na huukimbiza mkanda mara mbili ya mwendo wa redio. Kwa hiyo kaseti ya dakika 60 inakupa 15 tu, na ukiiweka kwenye redio ya kawaida unasikia vioja. Mwanakwaya mmoja aliichukua kwenda nayo nyumbani bila kuniuliza. Upande A akasikia wenzake wanaimba polepole kwa sauti za walevi, nusu yao hawapo. Akageuza. Upande B, wanaimba kinyumenyume. Asubuhi nilimkuta kanisani pamoja na mzee wa kanisa, kaseti imewekwa mezani peke yake, hakuna anayeigusa.

Njia nne hazitoshi kwaya. Tuliweka magitaa na kinanda njia ya kwanza, teno na besi ya pili, soprano na alto ya tatu. Halafu hizo tatu unazihamishia zote kwenye ya nne, kisha unazifuta ili upate nafasi ya mwimbaji kiongozi, kayamba na makofi. Ukishafuta, umefuta. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Uyole mnaijua, nusu ya wanakwaya wana mafua; nikawa na haraka. Nilikuwa nasikilizia spika ndogo ya kibandani kwangu, besi haisikiki, nikaipandisha. Bado naiona haisikiki, nikaipandisha tena. Nikahamisha, nikafuta.

Jumapili tukaipiga kwenye spika kubwa za kanisani. Besi ilitoka kama ng'ombe waliofungiwa zizini. Mwalimu wa kwaya hakunigombeza. Aliniinamia sikioni akauliza kwa upole, "Fundi, akina mama wako wapi?"

The Beatles, ile bendi ya Uingereza, walipita njia hiyohiyo. Albamu yao Sgt. Pepper, waliyoianza Novemba 1966 na kuitoa 1967, ilirekodiwa kwa mashine za njia nne katika studio za EMI, Abbey Road, London. Prodyuza George Martin na fundi Geoff Emerick walijaza njia nne, wakazipunguza kwenye mashine ya pili, wakaendelea kujaza. Ila tofauti yetu ni kubwa: mkanda wao wa kwanza ulibaki salama kabatini. Ndiyo maana mwaka 2017 Giles Martin, mwana wa George, aliweza kuirudia mikanda ile ya mwanzo na kuichanganya upya. Mimi nilikuwa na mashine moja na kaseti mbili.

Na kwa kuwa nimetaja mafua: albamu yao ya kwanza, Please Please Me, nyimbo 10 kati ya 14 zilirekodiwa kwa siku moja, 11 Februari 1963, huku John Lennon akiwa na mafua. Twist and Shout waliiacha iwe ya mwisho kwa kuwa ilikuwa inajulikana itamkwaruza koo asiweze kuimba kitu kingine. Sikilizeni mnavyomsikia anavyojichana. Prodyuza mwingine angempa likizo mpaka apone. Nami nadhani wimbo ungepona pamoja naye, ukawa wa kawaida.

Sasa huyo mpwa wangu. Ana studio ya Bongo Fleva mtaa wa Soweto, hapahapa mjini, kompyuta yake ina njia nyingi kuliko anavyoweza kuzihesabu. Swali lenu nililisoma kwake, na yeye jibu lake ni Thriller ya Michael Jackson. Sina ubishi na Thriller. Ilitoka mwishoni mwa Novemba 1982, miezi miwili baada ya Nebraska, na walioitengeneza, prodyuza Quincy Jones na fundi Bruce Swedien, ni watu ambao mtu wa kibanda kama mimi anawasikiliza akiwa amevua kofia. Mpwa akaanza kunihesabia sifa.

"Mjomba, Billie Jean waliimiksi mara 91. Swedien mwenyewe amesimulia."

"Wakatumia ya ngapi?"

Akachelewa kujibu. "Ya pili."

Tukacheka wote. Kuna jambo jingine kuhusu albamu hiyo ambalo vijana wa sasa hawana sababu ya kulijua. Walipoimaliza mara ya kwanza, wakaisikiliza ikiwa kwenye santuri, ilisikika nyembamba, haina nguvu. Kosa lilikuwa urefu: walijaza muziki mwingi mno kila upande. Mifereji ya santuri inagawana nafasi kama majirani wa kiwanja kidogo. Ukirefusha muziki, mifereji inabanana, inabidi sauti ishushwe na besi ipunguzwe. Wakarudi kuzikata nyimbo na kuzichanganya tena moja baada ya nyingine. Kilichoiokoa Thriller, kwa hiyo, ni mkasi. Mpwa anasema siku hizi faili halina mwisho. Namwambia ndiyo maana nyimbo zake zina vitangulizi vya dakika moja.

Kama mtakataa kura yangu ya kwanza, ya pili nampa Paul Simon, mwanamuziki wa Marekani, Graceland ya 1986, nayo chanzo chake ni kaseti: mtu alimpa mkanda wa muziki wa akodiani wa Afrika Kusini, akaupenda, na Februari 1985 akafunga safari kwenda Johannesburg kurekodi na wapigaji wa huko. Muziki ulitangulia, maneno akayaandika baadaye. Kile kipande cha gitaa la besi cha Bakithi Kumalo kwenye You Can Call Me Al, kinachowashinda vijana wote wa kwaya, msijiumize vidole: nusu yake imepigwa, nusu ya pili ni ileile imegeuzwa kinyumenyume. Simon alilaumiwa sana kwa kwenda huko wakati wa vikwazo vya utamaduni dhidi ya utawala wa makaburu, na lawama ile sioni kama ilikuwa ya bure. Lakini babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa vijana wa Rungwe waliochukuliwa na Wenela, shirika lililokuwa likiajiri vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, kwenda kuchimba dhahabu huko, akarudi akijua kucheza ile ngoma ya kupiga buti za mpira kwa viganja. Nilipoisikia albamu ile niliona miguu yake.

Narudi kwenye kaseti ya Uyole. Mashine ilishakufa siku nyingi, mikanda yake ya mpira iliyeyuka ikawa lami. Mwezi uliopita mpwa alipata wazo: akaipiga upande A kwenye deki ya kawaida na kuiingiza kwenye kompyuta, kisha upande B, huu wa pili akaugeuza, vyote akavikimbiza mara mbili, akavipanga sambamba. Njia nne zikarudi. Mwimbaji kiongozi yuko safi. Kayamba iko. Mvua juu ya bati, ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa, iko. Na ile besi yangu.

"Na akina mama, Mjomba?"

Nikamwonyesha njia ya nne. Akaongeza sauti, akapunguza besi, akainamia spika. Wanasikika kwa mbali, kama watu wanaoimba ng'ambo ya bonde. Akaniuliza walikuwa wangapi.

Kumi na mmoja.