Hela ya BTP haisubiriwi na tumbo tupu

Wadogo zangu mnaosoma ualimu Moshi na Arusha, mwezi wa saba wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni, huo hapo na najua sahivi mnachowaza ni tai na shule gani utapangiwa, hela mnaona itajipa tu si Bodi ya Mikopo ipo. Haya ngoja niwape ya kwangu.

Kwanza hela ya BTP siyo bumu. Bumu ni ile ya kula na kulala, buku kumi kwa siku tangu 2022/23, zamani ilikuwa 8,500. Ya BTP ni kipengele chake chenyewe cha mafunzo kwa vitendo, nayo inahesabiwa kwa siku, mwisho wake buku kumi mara siku 56, yaani laki tano na sitini basi. Ingia kwenye akaunti yako ya SIPA, ile ya mtandaoni ya Bodi ya Mikopo, uangalie vipengele ulivyopangiwa, usiulize mtu, maana kuna jamaa yangu alipiga hesabu za hela ya field mwezi mzima kumbe kwenye kile kipengele hakuwekewa hata mia. Na msisahau huo ni mkopo, ukija kuajiriwa wanakata 15% ya mshahara, kwahiyo usiitafune kama zawadi ya shangazi.

Sasa kusaini. Hapa ndo nilipolia mimi. Kwetu tulikuwa tunasaini kwa kidole, na mashine iko chuoni. Mimi Ijumaa nikapanda zangu Noah ya Rombo na begi na godoro nikijiona mwalimu kamili, Jumatatu majina ya wa kusaini hela yakatoka. Nikasema nitarudi wikiendi, wikiendi nauli sina, nikaja kupata upenyo Jumatano ya wiki ya pili, nikamuaga mwalimu wa taaluma nikashuka Moshi, na siku hiyo hiyo bwana asesa, yule mkaguzi wa kutoka chuo anayekuja kukupima ukifundisha, akatokea shuleni saa tatu asubuhi bila taarifa anakuta kipindi changu darasa linapiga kelele. Alinipigia simu nikiwa kwenye foleni. Sikuwa na cha kusema aisee. Kwahiyo kama majina hayajatoka muulize afisa mikopo wa chuo atakwambia lini, bora uchelewe kuripoti siku mbili kwa ruhusa kuliko kuacha sahihi nyuma.

Na hata ukisaini haiingii siku hiyo. Yangu iliingia wiki ya tano. Nilienda na elfu arobaini, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, chumba elfu thelathini kwa mwezi, tukabishana akakubali mwezi mmoja, nikabaki na buku kumi. Kilichoniokoa ni ndizi za jirani na daftari la madeni la mangi mwenye duka. Fungu la mwisho la bumu kabla hujatoka chuo toa laki na nusu ifiche, ikibidi mpe mama akushikie, maana mikopo ya simu ukiizoea hiyo laki tano itafika imeshaliwa yote.

Ukipewa nafasi ya kuchagua shule usifuate jina. Mpigie mkuu wa shule kabla, kwa adabu, shikamoo kwanza, muulize kama kuna chumba nyumba za walimu, kama walimu wanakula mchana shuleni na mchango wa chai ya stafu ni shilingi ngapi. Hayo matatu ndo yanaamua kama utamaliza na kitu mfukoni. Nguo usikopee, soko la mitumba la Memorial pale Moshi unapata suruali na mashati ya kutosha, wa Arusha nendeni soko la Tengeru Jumamosi, na chukua sweta zito, mwezi wa saba huku mlimani Kibosho au Rombo baridi siyo mchezo. Manila na maka peni nunua mjini, kijijini bei inapanda. Maandalio ya somo andika kwa mkono tu, kuprinti kila siku kunakula hela kimyakimya.

Asesa alirudi wiki ya sita, namshukuru Mungu. Hela yenyewe iliingia nikiwa kidato cha pili B, simu ikatetemeka mfukoni nikapoteza hesabu ubaoni mpaka mtoto mmoja akanisahihisha. Jioni nikaenda kwa mangi kulipa, elfu thelathini na nane, na humo kuna soda mbili ambazo mpaka leo siamini nilikunywa mimi.