Kwa aliyeuliza kuhusu pentaklorofenoli na hamira: weka chini hiyo glukosi

Ndugu, weka chini kwanza hiyo chupa ya glukosi. Umeuliza uitie hamira pentaklorofenoli kiasi gani, uiweke kwenye joto gani, na kama kupima hewa ya ukaa kutatosha kuonyesha jinsi dawa hiyo ya kuhifadhi mbao inavyovuruga umetaboli wa seli, yaani jinsi seli inavyogeuza chakula kuwa nishati. Lakini ulipoandika kwamba utaiotesha katika glukosi ya asilimia 2, nilikosa usingizi, kwa sababu kosa hilohilo lilinimalizia miezi 7 hapa Kampala.

Sumu hii huvusha protoni, chembe ndogo zenye chaji chanya, kupitia utando wa ndani wa mitokondria, viwanda vya nishati vya seli, kwa hiyo seli huendelea kutumia oksijeni huku mitokondria zikishindwa kutengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Hata hivyo, hamira iliyoshiba glukosi haihangaiki sana na mitokondria, kwani huchachua hata oksijeni ikiwa tele, jambo linaloitwa athari ya Crabtree. Mpishi yeyote wa tonto, pombe ya ndizi ya huku Uganda, anayefunika mtumbwi wake wa kuchachulia kwa majani ya mgomba na kuiacha hamira ifanye kazi pasipo hewa, angenicheka. Kila asubuhi niliinua neli mbili dirishani, yenye sumu na isiyo na sumu, na zote zilikuwa na ukungu uleule wa maziwa na harufu ileile ya mkate. Nikaandika kwamba dozi ndogo haina madhara. Naam, niliandika, na sahihi nikatia.

Aliyenielekeza, mtu wa koti jeupe na sauti ya uhakika, alikuwa amenihakikishia kwamba hamira ni hamira, ipe sukari tu. Nilipomrudia aliniuliza kwa nini sikusoma. Swali zuri, ila lilichelewa miezi 7.

Otesha katika glaiseroli ya asilimia 3, chakula ambacho hamira haiwezi kukichachua, hivyo italazimika kupumua ili ikue. Kwa dozi ileile, neli yangu yenye sumu ilibaki angavu kama maji ya kunywa huku mwenzake ikigeuka maziwa. Endesha glukosi na glaiseroli sambamba. Ukuaji ukidumu kwenye ya kwanza na kukwama kwenye ya pili, utajua kwamba pigo limeangukia mitokondria. Ukiyeyusha sumu kwa ethanoli, weka pia neli yenye ethanoli pekee, kwa kuwa hamira huila ethanoli hiyo. Na glaiseroli hukuza polepole, kwa hiyo usizimwage neli siku ya kwanza kama nilivyozimwaga mimi.