Kinu cha mbata: niuze au nitengeneze?

Swali: Assalaam alaykum fundi. Nina kinu cha kukamua mafuta ya nazi hapa Wete, aliniachia marehemu baba. Mota yake ni ya kilowati 11. Siku hizi mafuta yamepungua, mashudu yanatoka yana mafutamafuta, na kila nikiwasha taa zinafifia, mara nyengine swichi kubwa inakata. Mwanangu ananambia tuuze, tununue kipya. Wewe wasemaje?

Jibu: Waalaykum salaam mzee wangu. Usiuze kwanza. Hayo ni maradhi mawili mbalimbali, na sioni moja linalohitaji mashine nzima.

La umeme ni jepesi. Mota hiyo kwa fezi tatu za volti 400 hula ampea kama 22 ikiwa kazini. Ukiiwasha moja kwa moja, kwa sekunde chache huvuta mara tano hadi saba ya hizo. Stata ya staa-delta, yaani kiwashio kinachoiwasha mota kwa hatua mbili, hushusha mvuto huo hadi thuluthi. Lakini soma volti kwenye kibao cha mota: 400/690 inafaa; 230/400 haifai, hiyo itataka stata laini ya kielektroniki. Kama mota ni ya enzi za majenereta ya Wesha hapa Pemba, kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga kufika 2010, pengine imeshasukwa upya nyaya za ndani na kibao hakisemi tena kweli, muulize aliyeisuka. Tena kwa staa-delta nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi thuluthi, kwa hiyo kinu kiwashwe kitupu. Vijana huzima mbata zingali ndani, asubuhi wakaulaumu umeme.

Sasa mafuta. Vunja kipande cha mbata: kikikatika kwa mlio, kimekauka, kikipinda, tatizo liko uwanjani kwenye kuanikia, si kwenye kinu. Mbata zikiwa sawa, zima swichi kubwa, toa skrubu, ile parafujo ndefu inayosukuma na kubana mbata ndani ya pipa la kinu, upitishe kidole kwenye kingo za mizingo ya mwisho, karibu na tundu la mashudu. Hapo ndipo mbata hubanwa zaidi, na hapo ndipo chuma hulika mwanzo. Ukingo mzima una pembe. Uliolika ni mviringo, unang'aa kama mgongo wa kijiko. Nafasi ikishapanuka, mbata huteleza badala ya kubanwa, na mafuta yako unawauzia wafugaji ndani ya mashudu.

Skrubu hiyo hujazwa kwa welding ya vijiti vya chuma kigumu, kisha husagwa mpaka irudi kipimo chake. Msisitize fundi asitumie vijiti vya madirisha, vitalika upesi. Fito za pipa, vile vyuma vinavyofanya ukuta wake, zilizolika zibadilishwe papo hapo, maana skrubu mpya ndani ya pipa bovu ni kazi bure.

Mimi fremu nzito ya chuma cha kusubu siitupi ovyo. Kitakachonifanya nibadili kauli ni giaboksi, lile sanduku la magurudumu ya meno baina ya mota na skrubu. Mimina oili yake kwenye sahani nyeupe: weusi laini ni uchakavu wa kawaida, lakini ukikuta vipande vya meno, na bodi yenyewe ina ufa, hapo mwanao kasema kweli.